Herufi Kubwa, Herufi Ndogo: Historia ya Majina na Makro katika Lugha ya C

0. Utangulizi

Lugha za kuandikia programu za kompyuta hazina msemaji hata mmoja, wala hakuna mtoto aliyezinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Zaandikwa tu. Hata hivyo zina sarufi, zina msamiati, na zaidi ya hayo zina jambo ambalo mwanaisimu hulitambua mara moja: desturi zisizotajwa katika sarufi, lakini ambazo waandishi huzishika kwa ukali kuliko sarufi yenyewe. Lugha ya C, iliyotungwa katika maabara ya Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani, kati ya 1969 na 1973, ni mfano bora wa jambo hilo, kwani sarufi yake ni fupi na desturi zake ni nyingi. Makala haya yanafuatilia desturi mojawapo, yaani ile ya kuandika majina ya makro kwa herufi kubwa: ilitoka wapi, ilikusudiwa kuonya juu ya hatari gani, na nini kilitokea waandishi walipojaribu kuiondoa hatari yenyewe badala ya kuionya.

Istilahi mbili zahitaji kufafanuliwa kwanza. Fanksheni ni sehemu ya programu yenye jina lake. Hupewa thamani fulani, ambazo hapa zitaitwa hoja, huzifanyia kazi na kurudisha jawabu. Makro haitendi kazi yoyote. Makro ni agizo la kubadilisha maandishi: kila palipoandikwa neno hili, yawekwe maneno yale. Kazi hiyo hufanywa na programu tangulizi kabla ya matini kuifikia kompaila, yaani ile programu inayoyafasiri maandishi ya C katika amri za mashine. Basi kompaila haiijui makro kamwe; huyaona matokeo yake tu. Mambo karibu yote yatakayosimuliwa hapa chini yatokana na kutojua huko.

1. Majina mafupi ya mashine ndogo

Dennis Ritchie aliijenga C juu ya lugha ya B iliyotungwa na mwenzake Ken Thompson, nayo B ilitokana na BCPL, lugha ya Martin Richards wa Cambridge, ya mwaka 1967. Mashine yao, PDP-11, ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, na maandishi yaliingizwa kwa mitambo ya teleksi ambayo vitufe vyake vilichosha vidole. Majina yakawa mafupi. Amri ya Unix ya kuumba faili jipya iliitwa creat, bila ile e ya mwisho inayodaiwa na tahajia ya Kiingereza. Thompson alipoulizwa miaka kadhaa baadaye angebadili nini kama angeianza Unix upya, alijibu kwamba angeiongeza herufi hiyo.

Uchovu wa vidole haukuwa sababu pekee. Kitabu cha Brian Kernighan na Ritchie cha 1978, ambacho kwa zaidi ya miaka kumi kilichukuliwa kuwa sarufi ya lugha hii, kiliahidi kwamba herufi nane tu za mwanzo za jina zingetambuliwa. Kwa majina yanayovuka kutoka faili moja kwenda jingine hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu programu za kuunganisha mafaili katika mashine mbalimbali ziliandikwa zamani, nyingine kwa ajili ya lugha ya Fortran. Kamati iliyoundwa 1983 ili kuisanifisha C ilikubali udhaifu huo. Kiwango chake cha 1989 kilihakikisha herufi sita tu kwa majina ya namna hiyo, tena bila kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Anayeshangaa kwa nini fanksheni za maktaba ya C zina majina kama strcpy, strlen, malloc na memcmp, na azihesabu herufi. Hata zile zenye herufi saba, kama vile strncpy na strncmp, zinatofautiana kabla ya herufi ya sita kwisha. Kiwango cha 1999 kilipandisha idadi hadi 31, lakini majina yalikuwa yamekwisha kuzoeleka.

Kuna kisa kingine cha wakati ule ambacho watu wa isimu watakipenda. Katika C ya kwanza, majina ya sehemu za ndani za miundo yote yaliishi katika nyumba moja: kama muundo mmoja una sehemu iitwayo size, muundo mwingine usingeweza kuwa na size yake mahali pengine. Ndipo waandishi wa Unix walipoanza kutia viambishi awali: st_size na st_mode kwa habari za faili, tm_hour na tm_year kwa saa na tarehe, pw_name kwa jina la mtumiaji. Baadaye kila muundo ulipewa nyumba yake na sababu ya viambishi ikatoweka. Viambishi vyenyewe vipo hadi leo.

2. Makro na kelele ya herufi kubwa

Wazo la makro ni kongwe kuliko C. Lilitumika katika lugha za mashine tangu miaka ya 1950, na Douglas McIlroy wa maabara hiyo hiyo ya Bell alilichapishia makala yenye athari kubwa mwaka 1960. Katika C lilipenya kwa mlango wa nyuma. Mnamo 1972 au 1973, kwa kuhimizwa na Alan Snyder, Ritchie aliongeza programu tangulizi yenye uwezo wa mambo mawili tu: kuingiza faili moja ndani ya jingine, na kubadilisha neno kwa maneno mengine bila hoja. Muda si mrefu Mike Lesk, kisha John Reiser, waliipa uwezo wa kupokea hoja na wa kuchagua sehemu zipi za matini zisomwe. Awali ilihesabiwa kuwa nyongeza ya hiari. Haikuitwa kabisa isipokuwa faili lilianza kwa alama maalumu. Ritchie mwenyewe, alipoandika historia ya lugha yake mwaka 1993, alikiri kwamba hali hiyo ya uyatima ndiyo iliyofanya sarufi ya programu tangulizi isiungane vizuri na sarufi ya lugha. Kwa kweli ni lugha mbili zinazoandikwa katika ukurasa mmoja, na ya kwanza haijui hata neno la ya pili.

Matumizi ya kwanza yalikuwa kuipa namba jina. Badala ya kutawanya 512 katika kurasa kumi, mwandishi aliandika mara moja #define UREFU 512, kisha akatumia UREFU. Kitabu cha 1978 kilifundisha kwamba majina ya namna hii yaandikwe kwa herufi kubwa ili yasichanganywe na vigeu, ambavyo huandikwa kwa herufi ndogo. Hiyo ndiyo asili ya desturi. Haikuwa onyo bado. Ilikuwa alama ya kutofautisha kisichobadilika na kinachobadilika.

Onyo lilihitajika makro zilipoanza kuvaa mavazi ya fanksheni. Tuseme mwandishi ameandika:

#define MRABA(x) x*x

Akiandika MRABA(5) atapata 25, naye ataridhika. Akiandika MRABA(a+1), hali a ni 3, atatarajia 16. Lakini programu tangulizi haihesabu, yanakili. Itaandika a+1*a+1, na kwa kuwa kuzidisha hutangulia kujumlisha, jawabu litakuwa 7. Dawa yajulikana: kila hoja na jumla yake vifungwe kwa mabano, ((x)*(x)). Dawa hiyo yaponya ugonjwa huu mmoja tu. Mtu akiandika MRABA(i++), yaani mraba wa i kisha i iongezwe moja, hoja itanakiliwa mara mbili na maagizo ya kuongeza yatakuwa mawili; katika hali hiyo kiwango cha lugha hakiahidi jawabu lolote lile. Mabano hayasaidii. Kosa hili ni baya kwa sababu halionekani mahali lilipotendwa. Msomaji wa mraba(i++) kwa herufi ndogo hana sababu ya kushtuka. Msomaji wa MRABA(i++) ana sababu, kwani herufi kubwa zamwambia kwamba anachokisoma sicho kitakachofasiriwa.

Hata hivyo, maktaba yenyewe ya C haikuifuata kanuni hiyo. getchar na putchar, za kusoma na kuandika herufi moja moja, zilikuwa makro tangu zamani, na ziliandikwa kwa herufi ndogo. Vivyo hivyo zile za kupima kama herufi ni tarakimu au ni herufi ya alfabeti. Sababu ilikuwa kasi. Kuita fanksheni kulidai kuhifadhi hali ya mashine, kwenda, kutenda na kurudi, na gharama hiyo kwa kila herufi ya faili refu haikuvumilika. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na mapokeo mawili: makro inayojitangaza na makro inayojificha. Kamati ya 1989 iliyapatanisha kwa werevu. Iliruhusu fanksheni yoyote ya maktaba iwe pia na makro yenye jina lile lile, kwa sharti kwamba kila hoja ipimwe mara moja tu, isipokuwa getc na putc, ambazo zilipewa msamaha kuhusu ile hoja inayotaja faili. Anayetaka fanksheni halisi alifungua mlango mwingine: aliandika (getchar)(), kwa kuwa programu tangulizi huitambua makro yenye hoja pale tu jina linapofuatwa na mabano yanayofungua. Jina likizungukwa na mabano hupita bila kuguswa.

Herufi kubwa nazo hazikuwa kinga ya kila kitu. Steve Bourne, aliyekuwa ameshughulikia lugha ya Algol 68 huko Cambridge kabla ya kuhamia Bell, aliandika ile programu ya kupokea amri iliyotolewa pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Aliiandika kwa C, lakini kwa makro alijitungia IF, THEN, ELSE na FI, BEGIN na END, hata LOOP na POOL, hadi kurasa zake zikafanana na Algol. Kila neno lilikuwa kwa herufi kubwa kama desturi inavyotaka, na kompaila haikuwa na malalamiko. Wasomaji ndio waliolalamika: aliyejua C hakuweza kuisoma, na aliyejua Algol alidanganyika. Mwaka 1984, Landon Curt Noll na Larry Bassel, waliokuwa wakihangaika kuelewa matini za namna hiyo, akiwamo Noll na kazi ya Bourne, walianzisha mashindano ya kimataifa ya kuandika C isiyosomeka, ambayo makro zimekuwa silaha yake kuu. Ni nadra mtindo wa mwandishi mmoja kuzaa utanzu mzima wa mzaha.

3. Viambishi vya Simonyi

Kabla ya kuendelea na makro yafaa kugeuka kidogo kutazama desturi nyingine ya majina, kwa sababu nayo ilijaribu kulipa jina kazi ambayo sarufi haikuifanya. Charles Simonyi alizaliwa Budapest mwaka 1948, akafanya kazi katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, kisha akajiunga na Microsoft mwaka 1981. Alifundisha kwamba kila jina lianze na kiambishi kinachotaja namna ya kitu: rw kwa mstari wa jedwali, col kwa safu yake, na kadhalika. Wenzake waliyaona majina hayo kama ya kigeni, wakauita mtindo huo wa Kihangari. Lengo la Simonyi lilikuwa maana: mtu akijumlisha rw na col, jicho likatae, ingawa kwa kompaila zote mbili ni namba tu.

Wale waliojenga mfumo wa Windows waliuchukua mtindo huo wakaupa maana nyembamba zaidi. Kwao kiambishi kilitaja ukubwa wa kitu katika kumbukumbu. Katika Windows ya biti 16, kila ujumbe ulikuja na hoja mbili, wParam na lParam: w kwa neno la biti 16, l kwa namba ndefu ya biti 32. Windows NT ilipotoka 1993, wParam ilipanuka ikawa biti 32 sawa na mwenzake. Katika Windows ya biti 64 zote mbili zilipanuka tena. Jina halikubadilika, kwani lilikwisha kuandikwa katika programu zisizohesabika. Hivyo basi w hiyo husema jambo ambalo limekoma kuwa kweli tangu miaka ya 1990.

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Kijana, kifaru na kiboko yana kiambishi ki-, na wingi wake ni vi-. Lakini husemwa kijana mrefu amefika na viboko wakubwa wameingia mtoni. Upatanisho wa kisarufi umehamia ngeli ya viumbe, kiambishi kikabaki katika nomino kama gamba la mdudu aliyekwisha kutoka. Hata hivyo ulinganisho huu usivutwe mbali. Katika Kiswahili sarufi nzima hulinda upatanisho, na mtoto akikosea husahihishwa papo hapo. Katika C kompaila haisomi kiambishi cha jina hata kidogo. W yaweza kudanganya miaka thelathini bila mlinzi yeyote kupiga kelele. Ndiyo maana mwongozo wa mtindo wa Linux, unaofuatwa na waandishi wa kiini cha mfumo huo kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, uliukejeli mtindo wa Kihangari kwa maneno makali: aina za vitu kompaila inazijua, na yaweza kuzikagua. Microsoft wenyewe waliuacha katika mwongozo wao wa .NET.

4. Fanksheni mahali pa makro

Suluhisho la makro lilitoka kwa mtu aliyekuwa na shida nyingine. Bjarne Stroustrup, Mdenmark aliyesomea Aarhus na Cambridge, alianza mwaka 1979 katika maabara ya Bell kuiongezea C madarasa ya vitu kwa kufuata mfano wa lugha ya Simula. Katika mpango wake, data za ndani za kitu hazikuguswa ila kwa kupitia fanksheni zake. Aligundua kwamba ulinzi huo ulikuwa na bei: kuita fanksheni ili kusoma namba moja kuligharimu kuliko kuisoma moja kwa moja, na waandishi wenye kujali kasi wangeuvunja ukuta. Mwaka 1981 akaongeza fanksheni za inilaini. Hizi huandikwa kama fanksheni nyingine yoyote, kwa hoja zenye aina zake, lakini kompaila huombwa kuupachika mwili wake mahali pale pale zinapoitwa. Kasi ni ya makro, maana ni ya fanksheni: hoja hupimwa mara moja, aina hukaguliwa, na a+1 hubaki a+1. Lugha hiyo iliitwa C++ kuanzia 1983.

C yenyewe ilichelewa. Kamati ya 1989 haikulipokea neno inline. Lakini kompaila ya GNU, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987, ililikubali kama nyongeza, na kitabu chake cha maelekezo kiliwahimiza waandishi waziache makro kwa sababu kasi haikupungua. Ombi hilo, yafaa isisitizwe, ni ombi tu. Kompaila yaweza kukataa kupachika kilichoombwa, na kompaila za siku hizi hupachika hata kile ambacho hakikuombwa.

Hapa ndipo jambo lililoonekana dogo lilipogeuka kuwa ugomvi wa miaka. Kama fanksheni ya inilaini imeandikwa katika faili linaloingizwa ndani ya mafaili mia, na mmoja wapo akahitaji fanksheni kamili iliyosimama peke yake, nani anayeimiliki? Waandishi wa GNU walijibu kwamba extern inline maana yake ni kupachika tu, pasipo kutoa nakala kamili. Kiwango cha kimataifa cha 1999, kilipoiingiza inline hatimaye katika C, kilijibu kinyume kabisa: inline peke yake ni ya kupachika tu, na extern ndiyo inayoamuru nakala kamili itolewe. Maneno yale yale mawili, maana zimebadilishana viti. Kompaila ya GNU ilipata uwezo wa kufuata kiwango katika toleo la 4.3 la mwaka 2008, lakini haikuufanya kuwa hali ya kawaida hadi toleo la 5 la mwaka 2015. Wakati huo programu za zamani zilizotegemea maana ya kwanza zilikataa kuunganishwa, ama kwa sababu fanksheni ilikosekana, ama kwa sababu ilipatikana mara nyingi. Wengi walikuwa wameikwepa hatari kwa kuandika static inline, ambayo ina maana moja kwa pande zote mbili. Hakuna aliyeipenda kwa uzuri wake.

Na jina je? Makro MRABA ikigeuzwa kuwa fanksheni, je, iendelee kupiga kelele? Mantiki yasema hapana, kwani hatari imeondoka na alama yake iondoke. Lakini kubadili jina ni kubadili kila ukurasa uliolitumia, na pengine kurasa hizo ni za watu wengine. Kinyume chake, makro iliyoandikwa kwa herufi ndogo yaweza kugeuzwa kuwa fanksheni usiku, na asubuhi mtumiaji asijue lolote. Mwongozo wa Linux ulishika njia ya katikati: majina ya makro za thamani zisizobadilika yawe kwa herufi kubwa, makro zinazofanana na fanksheni zaweza kuwa kwa herufi ndogo, na inapowezekana fanksheni ya inilaini itangulizwe kuliko makro. Mwongozo huo huo ulionya baadaye juu ya ulafi, ukishauri fanksheni zenye zaidi ya mistari mitatu zisiitwe inilaini bila sababu. Makro za kale kama PageDirty, zilizoandikwa kwa herufi kubwa na ndogo mchanganyiko, ziligeuzwa kuwa fanksheni za inilaini na kubaki na majina yao. Kwa kuwa zilikuwa nyingi na zafanana, fanksheni hizo ziliandikwa kwa makro.

Mahali ambapo herufi ndogo ilileta madhara makubwa zaidi ni Windows. Mafaili yake yalitangaza makro mbili, min na max, kwa herufi ndogo. Lugha ya C++, kwa kiwango chake cha 1998, ilikuwa na fanksheni zenye majina hayo hayo, zilizohifadhiwa katika uwanja wao wa std ili zisigongane na za wengine. Programu tangulizi haijui uwanja wala uzio. Iliona min ikifuatwa na mabano, ikabadilisha, na kompaila ikaletewa maandishi yasiyo na maana. Tiba mbili zilitumika: kutangaza neno NOMINMAX kabla ya kuingiza mafaili hayo, au kuandika (std::min)(a, b), yaani hila ile ile ya mabano iliyokuwako mwaka 1989.

5. Kisa cha min

Fanksheni hiyo ndogo, inayochagua iliyo ndogo kati ya namba mbili, ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini makro hazikwisha. Fanksheni ya inilaini hudai aina ya hoja itajwe. Kuchagua iliyo ndogo ni kazi ile ile kwa kila aina ya namba, na C haina njia ya kuandika fanksheni moja kwa aina zote. Tena C ina mtego wake: namba yenye alama ya kutoa ikilinganishwa na isiyoweza kuwa na alama hiyo, hasi moja hugeuka kuwa namba kubwa kupindukia. Torvalds, akitaka kuufunga mtego huo, aliibadili min ya Linux katika toleo la 2.4.9 la Agosti 2001 ili ipokee hoja tatu, ya kwanza ikiwa jina la aina. Makelele yaliyofuata yalikuwa makubwa. Katika toleo lililofuata hoja zilirudi kuwa mbili, pamoja na ukaguzi kwamba aina zinalingana, na min_t ikatengwa kwa anayetaka kuitaja aina mwenyewe.

Makro hiyo ilitumia nyongeza za GNU ili kila hoja ipimwe mara moja: ndani yake ilitangaza kigeu cha muda, kikapokea thamani, kisha kikalinganishwa. Lakini kigeu hicho chahitaji jina. Kama kinaitwa _x, na mtumiaji naye ana kigeu chake kiitwacho _x, makro itaandika kwamba _x ipewe thamani ya _x, na thamani ya mtumiaji itapotea bila kishindo. Kwa muda mrefu kinga ilikuwa desturi tu: kuweka mistari ya chini mwanzoni mwa jina na kutumaini kwamba mwingine hatafanya hivyo. Hatimaye makro ilifundishwa kujitungia jina jipya kila inapotumiwa. Huenda ni upeo wa historia hii yote ya majina kwamba jina salama kuliko yote limekuwa lile ambalo hakuna binadamu aliyelichagua wala atakayelisoma.

Mwaka 2018 makro hiyo iliongezewa uwezo wa kutambua thamani zisizobadilika, na baadaye ukaguzi mwingine wa aina. Kila nyongeza ilizidisha idadi ya mara hoja zinanakiliwa katika maandishi, ingawa zilipimwa mara moja tu. Min iliyowekwa ndani ya min, nayo ndani ya nyingine, ilizaa maandishi kwa kuzidisha wala si kwa kujumlisha. Katikati ya 2024 waandishi wa Linux walipochunguza kwa nini kompaila ilikuwa ikichelewa, ulipatikana mstari mmoja wa matini ambao, ulipopita katika programu tangulizi, ulitoka ukiwa na megabaiti zaidi ya 40.

Torvalds alirekebisha kwa namna mbalimbali. Mojawapo, iliyoingia katika toleo la 6.11 la Septemba 2024, ilikuwa kuweka kwa matumizi ya wote makro mbili sahili kabisa, zisizokagua aina yoyote na zinazozipima hoja zao zaidi ya mara moja, pamoja na maelezo kwamba zitumike kwa thamani zisizobadilika tu. Majina yake ni MIN na MAX, kwa herufi kubwa.